Mkwaruzo wa Kununua

Katika maduka ya ala za muziki kuna bidhaa moja ya ajabu: kisanduku cha chuma, kadiri ya kiganja, kinachowekwa sakafuni na kukanyagwa kwa mguu, ambacho kazi yake yote ni kuharibu sauti. Sauti ya gitaa la umeme huingia humo ikiwa safi, ikatoka imekwaruza, imenguruma, pengine imechanika kabisa. Wapigaji hukiita pedali, na kwa kadiri ya ukali wake huipa jina la ovadraivu, distoshoni au fazi. Hulipa fedha nzuri kwa ajili yake. Hulinganisha hii na ile, hubishana, huuza moja wakanunua nyingine, mfano wa mnunuzi wa udi anayenusa kipande baada ya kipande asiridhike.

Jambo hili laonekana dogo, la vijana na kelele zao. Lakini ndani yake mna swali ambalo wapenzi wa ushairi wamelibishania miaka mingi kwa majina mengine. Kasoro inayotafutwa kwa makusudi, je, ni kasoro bado? Na mtu aliyeinunua dukani, hali hakuipata kwa kazi wala kwa umri, anapoitoa mbele za watu anasema kweli au anawaghilibu? Swali hilo humbana zaidi mpigaji mwenye amplifaya ya tranzista, kwa kuwa yeye ndiye anayeambiwa kila mara kwamba mkwaruzo wake ni wa bandia.

Mkwaruzo haukuanza kwa kutafutwa. Ulianza kwa ajali. Mwaka 1951 wanamuziki waliotoka Mississippi kwenda Memphis, Marekani, kurekodi wimbo "Rocket 88" walifika studioni na amplifaya iliyoharibika njiani. Spika ilishindiliwa karatasi ili ishikamane, na gitaa la Willie Kizart likatoka na sauti nzito yenye kukoroma. Sam Phillips, mwenye studio, hakuikataa. Mwaka 1958 Link Wray alitoboa spika za amplifaya yake kwa kusudi ili apate sauti ya "Rumble", na mwaka 1964 Dave Davies wa kundi la The Kinks, huko Uingereza, aliichana yake kwa wembe kabla ya "You Really Got Me". Kati ya tukio la kwanza na haya mawili pana umbali mkubwa, ijapokuwa sikio huyasikia kama ndugu. Kizart alifikwa. Wray na Davies waliita.

Tukio la Nashville ndilo lenye mengi ya kufikiriwa. Wimbo wa Marty Robbins uitwao "Don't Worry" ulitoka mwaka 1961. Wakati wa kuurekodi, njia moja ya meza ya kurekodia ilipata hitilafu huku Grady Martin akipiga gitaa lake la besi, na sauti ikatoka kama ya nyuki aliyefungiwa koponi. Wakaiacha ilivyo. Wimbo ukapendwa, na wengine wakaitaka sauti ile ile. Lakini hitilafu nayo, kama kila kitu kibovu, ilizidi kuharibika mpaka ikafa. Fundi Glenn Snoddy akalazimika kuunda chombo cha kuiga ubovu ambao haukuwapo tena. Chombo hicho ndicho kilichouzwa na Gibson tangu 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone, nacho kilikwenda polepole sokoni hadi 1965, Keith Richards wa The Rolling Stones alipokitumia katika "(I Can't Get No) Satisfaction". Ndani yake hamkuwa na valvu hata moja. Kilikuwa cha tranzista.

Neno hilo la mwisho lafaa kuwekwa akilini, maana waliokuja baadaye walilisahau.

Amplifaya za kale zilikuza sauti kwa valvu, yaani vichupa vya kioo vilivyoondolewa hewa, vyenye waya unaowaka ndani mithili ya taa. Tranzista, iliyobuniwa katika maabara za Bell mwaka 1947, hufanya kazi ile ile kwa kipande kidogo kigumu, kisicho kioo wala moto. Kila amplifaya, iwe ya namna hii au ile, ina mpaka wake. Wimbi la sauti likiuvuka, kilele chake hukatwa. Tofauti ni namna ya kukata. Valvu huanza kulegea kabla ya kufika ukingoni: vilele hubonyea, huviringika, kama mtu mzima aliyekasirika akajizuia. Tranzista, kwa jinsi inavyopangwa katika amplifaya nyingi, hubaki sahihi mpaka ncha ya mwisho, kisha hukata mara moja, na kilele kikawa bapa kama meza. Pembe kali za bapa hilo huzaa sauti nyingi juu ya sauti mama: ya mara tatu, ya mara tano, ya mara saba na kuendelea. Za karibu sikio huzistahimili, hata huzipenda. Za mbali huingia kama mchanga katika wali.

Ndiyo sababu amplifaya ya valvu ikizidiwa watu husema inaimba, na ya tranzista ikizidiwa husema imeharibika. Na hapo ndipo yalipozuka mashtaka. Mkwaruzo wa valvu, wasema washtaki, ni ushahidi. Chombo kimesukumwa hadi ukomo wa nguvu zake. Kinachosikika ni jitihada, na jitihada haiigizwi. Pedali hutoa sauti ya jitihada pasipo jitihada yoyote. Mtu aweza kuipiga usiku wa manane chumbani mwake, kwa sauti isiyomwamsha jirani, na ikasikika kana kwamba ukumbi mzima unatetemeka. Huo, kwao, ni kilio cha mtu asiyefiwa.

Wasikilizaji wa Unguja wana kipimo chao cha jambo hili. Sauti ya Bi Kidude, Fatma binti Baraka, aliyefariki mwaka 2013, haikuwa laini. Ilikwaruza. Ndani yake mlikuwa na umri, na sigara, na ngoma za unyago, na miaka mingi ya kuimba, na hakuna aliyetamani isafishwe. Sasa achukuliwe binti wa miaka ishirini, mwenye koo zima, ajifunze kukwaruza vile vile mpaka santuri mbili zisitofautishwe. Wengi wangemcheka, na baadhi wangemkasirikia. Hawangekasirikia sauti, maana sauti ni ile ile. Wangekasirika kwa kuwa mkwaruzo wa bibi ulikuwa na historia nyuma yake, na wa binti ni kanga ya kuazima.

Hoja hii ni nzito, na anayeipuuza hajaisikia sawasawa. Lakini imejengwa juu ya dhana moja isiyothibitishwa, kwamba katika kisa hiki valvu ndiyo bibi. La hasha. Waunda amplifaya za valvu, Leo Fender akiwa mmoja wa mashuhuri wao, walitaka sauti safi. Mkwaruzo kwao ulikuwa ni kushindwa, na walijitahidi kuusogeza mbali. Mpigaji anayezungusha kirungu cha sauti hadi mwisho kila jioni, mahali pale pale, ili apate kushindwa kule kule, hatoi ushahidi wa jitihada. Anakitumia chombo kinyume cha nia ya aliyekiunda, na anakitumia hivyo kwa hiari, akijua atakachokipata. Kizart alifikwa. Wengi waliokuja baada yake, wa valvu na wa pedali, wamechagua; na anayechagua kwa kirungu hana haki ya kumwita mwongo anayechagua kwa mguu.

Pana na jambo lisilopendeza kulitaja, nalo ni fedha. Amplifaya ya valvu ni ghali na ni nzito. Vichupa vyake huchoka, na sehemu nyingi za dunia, visiwani mkiwamo, havipatikani duka la jirani. Aliye na amplifaya ndogo ya tranzista aghalabu hakuichagua kwa falsafa. Alinunua alichoweza. Kumwambia mtu huyo kwamba ukweli wa sauti unakaa katika chombo asichoweza kukinunua ni hukumu ambayo ingepaswa kumwonea haya mwenye kuitoa, kwa sababu imegeuza kipato kuwa maadili.

Na yule binti? Yeye anaghilibu endapo anataka msikilizaji aamini kwamba ameishi miaka tisini. Pedali haidai hivyo. Imo sakafuni, mbele ya macho ya watu. Mguu unakanyaga, sauti inageuka, na kila mtu ameona. Ujanja ulio wazi si ughushi. Hakuna msomaji wa mashairi anayeamini kwamba mwenye huba, katika uchungu wake, husema kwa mizani nane na nane na kufunga kila kipande kwa kina. Msomaji anajua kuwa hilo ni vazi, na machozi humtoka vile vile.

Ikiwa mkwaruzo wa pedali si uongo kwa asili yake, basi swali lahamia kwenye uchaguzi wenyewe, na hapa mwenye amplifaya ya tranzista yumo katika hali ya peke yake. Amplifaya yake ni mtumishi mwaminifu. Apewacho hukuza, hapunguzi wala haongezi, almradi hasukumwi kupita mpaka. Roland JC-120, iliyotoka mwaka 1975, ilijulikana duniani kwa usafi huo. B.B. King, ambaye hakuna aliyemtuhumu kwa sauti isiyo na roho, alitumia miaka mingi amplifaya ya tranzista, Lab Series L5. Mtumishi wa namna hii hamsitiri bwana wake. Chochote kinachotoka kwenye pedali kitafika spikani kama kilivyo.

Mwenye valvu ana mshirika. Mathalani pedali mashuhuri ya Tube Screamer, iliyotoka Japani mwishoni mwa miaka ya 1970, haikuundwa kufanya kazi yote. Dayodi zake hukata kwa upole, sauti nzito huachwa nyuma kidogo, za katikati huinuliwa, na yote hupelekwa kwa nguvu kwenye valvu ili zilegee. Nusu ya utamu hutiwa na amplifaya. Anayeinunua kwa kusikia sifa zake, akaichomeka kwenye tranzista, aghalabu hupata sauti nyembamba ya puani. Akiongeza nguvu kama alivyosikia wengine wakifanya, amplifaya huvuka mpaka wake na kukata bapa, na mchanga ukaingia walini. Si kwamba pedali ni mbaya. Imepelekwa kusema nusu ya mazungumzo mahali ambapo hakuna wa kuijibu.

Pedali zinazofaa zaidi kwa tranzista ni zile zilizozoea kusema zote. Boss DS-1 ya mwaka 1978, na RAT ya miaka ile ile, hukata kwa ukali zenyewe, kisha zina njia ya kupunguza makali kabla sauti haijatoka. Kirungu cha RAT kiitwacho Filter kila kikizungushwa hunyoa sauti za juu zaidi. Ziko na zile zilizokwenda mbali zaidi, kama SansAmp ya mwaka 1989, inayoiga mfuatano mzima, valvu pamoja na spika. Kwa zote kanuni ni moja: amplifaya ibaki chini ya mpaka wake, sauti ya pedali isizidi sana ile ya gitaa tupu, na sauti kali za juu zipunguzwe kuliko inavyodhaniwa. Spika nayo isisahauliwe. Spika ya gitaa haipitishi sana yaliyo juu ya mitetemo 5,000 hivi kwa sekunde, na kwa hiyo ni kichujio cha mwisho. Anayechomeka pedali ya kawaida moja kwa moja kwenye mitambo ya ukumbi, bila spika hiyo, huwarudisha nyuki wote wa Nashville kwa mara moja.

Huu waonekana ushauri wa kifundi tu, nao una uzito wa kimaadili. Mwenye valvu aweza kusema: chombo ndicho kilichofanya. Mwenye tranzista hana wa kumsingizia. Ni yeye aliyeamua ukali uwe kiasi gani, ukatwe kwa namna gani, na mahali gani unyolewe. Kila chembe ya mkwaruzo wake imekubaliwa. Amewekwa, kwa umaskini wa amplifaya yake, mahali ambapo mtunzi aliyeamua kuacha kina huwekwa na wasomaji wake: hawezi kudai kwamba kilimponyoka.

Washairi wana neno kwa shairi lililokosa urari wa vina na mizani: guni. Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, neno hilo na mengine makali kuliko hilo yalirushwa huku na huku, na mabishano juu ya mashairi huru hayakwisha haraka. Upande wa jadi ulikuwa na hoja moja ambayo wapinzani wao hawakuijibu vizuri siku zote, kwamba wengi walioacha vina hawakuwa na uwezo wa kuvishika. Upande wa pili nao ulikuwa na hoja isiyokanushika kirahisi, kwamba anayeacha sheria kwa kujua hubeba sheria nyingine. Katika ushairi ni vigumu kuithibitisha hoja hii ya pili. Katika mkwaruzo wa gitaa yathibitika kwa hesabu.

Zichukuliwe nyuzi mbili, moja ikitetema mara 200 kwa sekunde na ya pili mara 300. Katika amplifaya safi sauti hizo mbili hupita bega kwa bega, kila moja na njia yake. Zikipita pamoja katika pedali ya distoshoni, zinazaa. Huzaa tofauti yake, 100, na jumla yake, 500, na nyingine zaidi; na zote hizo zimo katika ngazi moja, hatua zake zikiwa ni mia mia. Sauti mbili zimekuwa jamaa moja yenye kifua kipana. Sasa waya wa pili ubadilishwe utetemeke 252, kama inavyokuwa katika gitaa la leo mtu apigapo sauti mbili za furaha zilizo karibu. Tofauti ni 52, jumla ni 452. Watoto hao hawafanani na wazazi wao, na sikio husikia ugomvi nyumbani. Ndiyo maana wapiga roki hupenda konda zao za sauti mbili tu, na ndiyo maana zile konda nne na tano za dansi na jazi, zilizo tamu kwenye amplifaya safi, hugeuka uji zikipitishwa kwenye pedali. Mkwaruzo haukumpa mpigaji uhuru. Ulimpa mizani nyingine, tena nyembamba kuliko ya kwanza, na asiyeijua husikika mara moja.

Ipo sehemu, hata hivyo, ambapo udanganyifu waweza kweli kuingia. Kwa kuwa vilele vyote hukatwa, mguso mwepesi na mguso wa nguvu hukaribiana. Kidole dhaifu hupewa misuli ambayo si yake. Mwanafunzi aliyeanza na pedali kali aweza kupiga mwaka mzima asijue kwamba mkono wake hauna daraja, hauna kunong'ona wala kupaza. Wakati huo huo pedali hiyo hiyo huukuza uzembe: waya ambao haukuzimwa vyema, ambao kwenye sauti safi ungenyamaza wenyewe, humu hunguruma. Huficha udhaifu na kufichua ulegevu. Ni mwalimu wa nusu, na wanafunzi wake huonekana.

Wala isidhaniwe kwamba ukali mtupu wa tranzista hauna wapenzi. Dimebag Darrell wa Pantera, aliyeuawa mwaka 2004, alijenga jina lake kwa amplifaya za tranzista za Randall, na ukali ule wa wembe alioutafuta valvu zisingempa. Mbali na huko, mjini Kinshasa, Mawangu Mingiedi wa Konono No. 1 aliikuza likembe kwa vinasa sauti alivyoviunda kwa sumaku za vyuma vya magari makuukuu. Mkwaruzo uliotokea haukualikwa. Kundi halikuufukuza, wala halikuuvumilia tu. Liliupangia nafasi katika muziki, na albamu yao *Congotronics* ya mwaka 2004 ikausikizisha ulimwengu. Huenda hawakuona ajabu kubwa. Mbira za Zimbabwe hufungwa makombe au vizibo vya chupa ili zitetemeke, na timbila za Wachopi wa Msumbiji zina ngozi nyembamba kwenye vibuyu vyake kwa kazi hiyo hiyo. Aliyezitengeneza aliongeza ukwaruzaji kwa mikono yake, kwa kupima na kurudia, zamani sana kabla ya amplifaya ya kwanza kuharibika njiani. Wenye kudhani kwamba sauti safi ndiyo ya asili na mkwaruzo ndio ulioongezwa wameanza hesabu katikati.

Anayekwenda dukani basi angefaa achukue amplifaya yake mwenyewe, au ya aina yake, maana wauzaji hupenda kujaribisha pedali kwenye valvu nzuri iliyo pembeni. Akiisha kupata ukali anaoupenda, apunguze kirungu cha sauti cha gitaa hadi nusu, kisha apige kwa upole, kisha kwa nguvu. Katika pedali nyingine mkwaruzo hurudi nyuma pamoja na mkono, ukabaki kama pumzi tu kando ya sauti, na mkono ukikaza nao hukaza. Pedali nyingine hunguruma vile vile, mkono ukibembeleza au ukipiga. Hizo humpendeza haraka kila ajaye kujaribu kwa dakika tano, na ndizo zinazorudi dukani baada ya miezi michache, zikiwa bado mpya.